Chuo kinachukua asilimia 4 tu ya waombaji, ndo kusema ni kigumu kuliko vingine?

Dada mmoja wa Newala kaniandikia, nafupisha maana meseji yake ilikuwa ndefu: "Shikamoo mwalimu. Mwanangu kamaliza form six Ndanda, PCM (fizikia, kemia na hisabati), kapata B, B na C, divisheni wani ya pointi 7. Sasa kutwa yuko kwenye simu na listi za vyuo vya duniani, hiki kinachukua asilimia 4 ya walioomba, hiki asilimia 9, hiki 60, na kile cha 60 anakidharau kabisa anasema ni cha wote. Hata vya hapa nchini kaanza kuvipanga hivyohivyo, akisikia chuo fulani waliomba maelfu wakachukuliwa mia mbili basi ndo anakitaka hicho. Baba yake yuko tayari kutoa hela ya korosho iliyobaki aombe vyuo kumi na mbili vya nje. Hizo asilimia zinasema ukweli kuhusu ugumu wa chuo? Tumsikilize?"

Marahaba dada yangu, na hongera sana kwa mtoto, B mbili na C kwenye PCM ni kazi kubwa na mlioko Newala mnajua watoto wanasoma kwenye mazingira gani. Nimefanya kazi ofisi ya udahili miaka mingi kabla sijarudi Mtwara, na hili swali nimeulizwa na wazazi wengi ila wachache wameliuliza kabla hela haijatoka. Nikujibu moja kwa moja: asilimia hiyo inakuambia msongamano wa mlangoni ukoje. Urefu wa mlango haikuambii, na kilichomo ndani ndo kabisa.

Yenyewe ni hesabu ya kugawanya tu, juu wanakaa waliopewa nafasi, chini wanakaa walioomba, basi. Hamna mahali kwenye hiyo hesabu panapouliza walioomba ni kina nani, wamefaulu vipi, wameomba kwa kumaanisha au wamejaribu bahati. Na namba ya chini inaweza kupanda mara mbili bila chuo kuongeza mwalimu hata mmoja.

Mwaka juzi mwezi wa nane nilikuwa stesheneri moja pale Masasi nasubiri kopi, mbele yangu kakaa kijana ana faili la plastiki mapajani, ndani kuna matokeo yake, D ya kemia, E ya baiolojia, S ya fizikia. Dada wa stesheneri anamjazia maombi ya udaktari, vyuo vinne. Udaktari unataka ufaulu wa principal (A mpaka E) kwenye masomo yote matatu, fizikia, kemia na baiolojia, na S sio principal, kwa hiyo pale hakuna mlango hata mmoja uliokuwa wazi kwake. Mfumo wa chuo kimoja ulimkatalia palepale kwenye skrini, vitatu vikapokea maombi na ada yake ikaenda. Nikamuuliza taratibu, akaniambia mwalimu huwezi jua. Tulikaa benchi la nje nikamwonyesha njia ya stashahada ya utabibu ambayo alikuwa na sifa nayo, akaandika kwenye daftari. Ila nataka uone kitu kimoja dada: yale maombi matatu yameshaingia kwenye hesabu, na chuo kikija kutangaza "waombaji walikuwa maelfu, tumechukua mia mbili" yule kijana yumo humo kama mtu mmoja kila chuo, na vyuo vyote vitatu vimeonekana vigumu zaidi kwa sababu yake, wakati hakuwa anashindana na mtu yeyote. Kama yeye wapo wengi sana. Na wapo wa upande wa pili pia, wenye A zao, ambao mmoja anaomba vyuo vitano na kila chuo kinamhesabu, afu anakaa kimoja.

Tuongee korosho maana hapo utanielewa haraka kuliko kwenye meza ya udahili. Chukulia AMCOS mbili, vyama vya ushirika vya wakulima. Ya kwanza karani anarudisha magunia 40 kati ya kila 100, ya pili anarudisha 5 tu. Mtoto wako kwa hesabu yake atasema ya kwanza ndo ina korosho nzuri maana wanakataa sana. Lakini we unajua inaweza kuwa kinyume kabisa, pale kwa kwanza watu wanaleta korosho mbichi, za mvua, zimechanganyika na mabibo makavu na mawe, na kwa pili wanachama wameshaanika, wameshachambua nyumbani, mwenye mbovu hathubutu kuifikisha ghalani kwa sababu anajua itarudi. Huko kwa pili uchambuzi umefanyika kabla ya mlangoni. Ukitaka kujua ubora hauhesabu magunia yaliyorudi, unachota korosho, unakata katikati, unaangalia kiini.

Vyuo vipo vya hivyo. Mfano ETH Zurich ya Uswisi, chuo alichosoma Einstein, kwenye sayansi na uhandisi ni miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Kijana wa Uswisi mwenye cheti chao cha kumaliza sekondari ya juu anaingia bila kuchujwa, akitaka fizikia anaandikishwa fizikia. Ukiweka kwenye listi ya mwanao kitaonekana cha wote. Ila mwisho wa mwaka wa kwanza kuna mtihani wa kuchuja na kundi kubwa linaanguka, unaruhusiwa kurudia mara moja, ukifeli tena umetoka kwenye hiyo kozi. Ugumu upo, na ni mkubwa, wameuhamishia ndani. Listi ya asilimia za mlangoni haiwezi kuuona kwa sababu inaangalia mlango peke yake.

Sasa upande wa pili, asilimia kushuka bila chuo kubadilika. Harvard mwaka 2020 waliomba watu 40,248, wakapokelewa 1,980, hiyo ni kama asilimia 4.9. Mwaka 2021 waliomba 57,435, wakapokelewa 1,968, ikawa asilimia 3.4. Angalia vizuri dada, waliochukuliwa ni walewale kwa idadi, wamepungua kumi na mbili tu. Kilichotokea katikati ni korona, wakaondoa sharti la kuleta matokeo ya SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, na watu zaidi ya elfu 17 ambao pengine wasingeomba wakaomba. Je, Harvard ilikuwa ngumu zaidi kwa karibu theluthi ndani ya mwaka mmoja? Hapana. Foleni imerefuka, ila yule mtoto aliyekuwa anaingia mwaka 2020 kwa uwezo wake wala hakuhitaji kuwa bora mara moja na nusu ili aingie mwaka 2021.

Chuo Kikuu cha Chicago nacho, katikati ya miaka ya 2000 kilikuwa kinapokea karibu asilimia 40 ya waombaji, na hata wakati ule kilikuwa kinaogopwa kwa masomo na kina maprofesa wa Nobel wa kutosha. Kilikuwa na fomu yake ya peke yake na maswali ya insha ya ajabu, kwa hiyo aliyeomba alikuwa kakaa chini kaamua. Baadaye kikaingia kwenye Common Application, ile fomu moja inayokwenda vyuo vingi, kikajitangaza sana, mpaka mwaka 2013 kikawa kinachukua chini ya asilimia 9. Kwa kijana anayesoma listi leo chuo kimepanda mara nne. Ila wale wa zamani walioingia kwa asilimia 40 walikuwa wanasoma vitabu vilevile.

Na hapa kuna jambo linaniumiza, kwamba vyuo vyenyewe vinajua wazazi na watoto wanasoma asilimia, kwa hiyo vina sababu ya kuishusha. Unawatumia watoto barua na brosha mpaka wale ambao unajua hawana nafasi, unafuta ada ya maombi, unafupisha fomu, waombaji wanajaa. Njia nyingine ni kuwafunga waombaji mapema, mtoto anasaini kwamba akipata atakuja na hataenda kwingine. Hesabu yake ni rahisi, chuo chenye viti 1,000 kama nusu ya wanaopewa nafasi hawaji, inabidi kipokee 2,000 ili kijae, ila kama wote wamefungwa kinapokea 1,000 tu, asilimia inakatika nusu na wanafunzi ni walewale. US News, hao wanaotoa ile orodha ya viwango inayonukuliwa kila mahali, waliitoa asilimia ya udahili kwenye vigezo vyao mwaka 2018. Ukiona hata wapanga orodha wameiacha, mtoto wa Newala asiibebe kama ndo neno la mwisho.

Halafu asilimia moja ya chuo kizima inaficha milango mingi. Oxford kwa jumla inachukua kama mmoja kati ya saba, ukiilinganisha na vyuo vya Marekani vya asilimia 5 utadhani ni rahisi mara tatu. Lakini Uingereza mtu anaruhusiwa kuomba vyuo vitano tu kwa mwaka, na haruhusiwi kuomba Oxford na Cambridge kwa pamoja, kwa hiyo wanaojitokeza wameshajichuja wenyewe, ni ile AMCOS yetu ya pili. Na ndani ya Oxford yenyewe wanaoomba kusoma Kilatini na Kigiriki wanachukuliwa wengi tu, kama theluthi hivi, wakati kompyuta ni chini ya mmoja kati ya kumi. Sasa hapo ipi ni asilimia ya Oxford? Mwanao haombi chuo, anaomba kozi.

Marekani ni zaidi. Harvard ilishtakiwa mahakamani kuhusu namna inavyochagua wanafunzi, na kesi iliposikilizwa mwaka 2018 takwimu za ndani zilitoka, wanamichezo walioitwa na makocha walikuwa wanapokelewa zaidi ya asilimia 80, watoto wa waliosoma pale kama theluthi. Toa hao kwenye hesabu uone mtu wa kawaida anabaki na nini. Na mwanafunzi wa nje ana mlango wake mwembamba zaidi, MIT huwa wanachapisha hesabu ya wanafunzi wa nje peke yao na huwa ni kama asilimia 2, chini sana ya ile ya jumla. Ukiongeza kwamba mtoto anahitaji kulipiwa, vyuo vingi vinaangalia hilo wakati wa kuamua. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton na MIT, vimesema haviangalii uwezo wa kulipa hata kwa mwanafunzi wa nje, na ukipokelewa wanakuchangia kulingana na hali ya nyumbani. Kwa hiyo kwa mwanao chuo kinachoandikwa asilimia 30 kinaweza kuwa kigumu kuliko kinavyoonekana kama hakina hela za wanafunzi wa nje, na hiyo listi yake haina safu ya kumwambia hilo.

Mfano wa India ndo naupenda kuliko yote, tena siku hizi uko karibu yetu maana IIT Madras, kimojawapo cha vyuo vya teknolojia vya India vinavyoitwa IIT, walifungua tawi Zanzibar mwaka 2023. Kule India kwenyewe kuingia IIT unafanya kwanza mtihani unaitwa JEE Main, wanaufanya watu zaidi ya milioni moja, wanaofanya vizuri wanaruhusiwa kufanya wa pili, JEE Advanced. Mwaka 2023 walioufanya huo wa pili walikuwa kama laki moja na themanini elfu, viti vilikuwa elfu 17 na ushee. Sasa piga hesabu, ukigawanya kwa wa mtihani wa kwanza unapata chini ya asilimia 2, ukigawanya kwa wa mtihani wa pili unapata karibu asilimia 10. Vyuo ni vilevile, mwaka uleule, watoto walewale waliokaa kwenye viti vilevile. Mwambie mwanao akae na hiyo moja kwa kalamu na karatasi, PCM ataielewa mara moja.

Tuje nyumbani. Hapa kwetu TCU, tume ya vyuo vikuu, inatoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, kinaonyesha kila kozi ya kila chuo, sifa za chini na idadi ya viti. Sifa za chini kwa wengi ni principal mbili zenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. (Watoto wanachanganya hizi na pointi za divisheni, kule ndogo ndo nzuri, huku kubwa ndo nzuri, naomba umkumbushe.) D mbili zinafika 4. Sasa mtu akisoma hapo anasema aaah uhandisi ni D mbili tu ya hisabati na fizikia, kumbe hizo ni sifa za kuruhusiwa kuomba, na kwenye kozi zenye viti vichache na waombaji wengi anayeingia wa mwisho anakuwa juu sana ya hapo. Pengo kati ya sifa za chini na pointi za mtu wa mwisho aliyeingia, hilo ndo linaloonyesha ugumu kwa ukweli kuliko asilimia yoyote. Kozi ambayo waliomba 3,000 wakachukuliwa 200 lakini wa mwisho kaingia na pointi 5 ni laini kuliko kozi iliyoombwa na 300 wakachukuliwa 150 na wa mwisho kaingia na 11. Nimetoa namba za mfano tu hapo, ila hali ya namna hiyo nimeiona ofisini kwa macho yangu zaidi ya mara moja.

Pia msisahau kwamba majina ya awamu ya kwanza sio mwisho. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja anathibitisha kimoja kwa ile namba ya siri anayotumiwa, viti vingine vinabaki wazi, awamu ya pili inafunguliwa. Nimeona vijana wazuri wa Lindi na Mtwara wamekata tamaa wiki ya kwanza kwa sababu wamesikia "waliomba maelfu", wakati viti vilikuwa vinarudi kila siku.

Sasa nisionekane nasema asilimia ni takataka. Chuo kikikaa miaka na miaka kwenye asilimia 4 au 5 na waliopokelewa karibu wote wanakwenda, hapo kuna ushindani wa kweli, mwanao asijidanganye kwamba ni porojo. Ila tofauti ya asilimia 4 na 9, au 12 na 20, haina maana anayoipa. Na ndogo inaweza kutoka kwenye sababu nyingine kabisa. Kuna chuo kidogo kule Missouri kinaitwa College of the Ozarks, wanafunzi hawalipi ada, wanafanya kazi za chuo saa 15 kwa wiki, viti vichache, basi waombaji wengi wanakosa na kuna miaka asilimia ilionekana kama ya vyuo vyenye majina makubwa. Ni chuo cha heshima zake, lakini kilichobana pale ni ada ya bure na uchache wa viti.

Kuhusu hela ya korosho. Vyuo kumi na mbili vya nje ni vingi mno, ada ya kuomba kwa hivyo vyenye majina ni kama dola 75 kwenda juu kwa kila kimoja, bado SAT, bado kutuma vyeti. Msitoe hiyo hela yote. Kwanza vyuo vingi vya Marekani vinasamehe ada ya maombi kwa anayeeleza kwamba nyumbani hawana uwezo, aombe msamaha huo bila aibu, upo kwa ajili ya watoto kama yeye. Pili achague vitatu au vinne, na kila kimoja akitafutie majibu ya maswali haya kabla baba yake hajagusa mfuko: kozi ninayotaka inachukua wangapi, wanafunzi wa nje wanachukuliwa wangapi na wanalipiwa na nani, waliopokelewa mwaka jana walikuwa na alama gani, na katika kila mia wanaoingia wangapi wanamaliza. Vyuo vingi vya Marekani vinachapisha karatasi inaitwa Common Data Set, aliandike hilo jina pamoja na jina la chuo kwenye simu, kuna waombaji, waliopokelewa, waliofika, alama zao na wanaomaliza, vyote sehemu moja. Anayeshinda kwenye listi kutwa nzima anaweza kutoa jioni moja kwa hiyo.

Kwa vya hapa nchini afungue mwongozo wa TCU, asishike jina la chuo, ashike kozi, aangalie viti, afu atafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu au wa nne wa kozi hiyohiyo, wa Ndanda wametapakaa kila chuo hawezi kukosa mtu. Amuulize maabara zinafanya kazi, walimu wanaingia, mafunzo kwa vitendo wanapelekwa wapi, wangapi wamerudia mwaka. Kwa uhandisi aulize pia kama digrii hiyo inakubaliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mimi ningekuwa na B, B na C zake ningeomba hapa kwanza awamu ya kwanza bila kuchelewa, niweke kiti mkononi, afu za nje nizifanye taratibu, maana Oxford wanafunga katikati ya mwezi wa kumi na Marekani nyingi ni mwanzo wa mwezi wa kwanza, muda upo.

Na kile chuo cha asilimia 60 alichokidharau, mwambie akitoe kwenye listi kama anataka, ila kwanza akifungue. Aniandikie mwenyewe, ataje kozi, wanaofundisha na wanaomaliza, nitamjibu.